Mwenye Cheti na Mwenye Mkono: Dizaina ni Nani?

Huku Mbegani tupo, tunadunda. Kusi linapuliza, mitihani inanukia, na wali maharage wa kantini ni ule ule mnaoujua. Leo naomba niweke kando habari za nyavu na injini za boti, maana kuna ubishi umeingia bwenini na umegoma kutoka.

Ubishi wenyewe ni huu: dizaina wa kweli ni nani? Ni yule aliyekaa darasani miaka mitatu akafundishwa rangi, herufi na mpangilio wa ukurasa? Au ni yule aliyejifungia gheto na kompyuta ya kuazima, akapambana na CorelDRAW na Photoshop usiku kucha mpaka mkono ukakubali? Upande mmoja unasema bila shule wewe ni mbabaishaji tu. Upande wa pili unasema shule ni kuchoma hela, kipaji hakifundishwi, na video zimejaa YouTube bure. Juzi watu walitupiana maneno mpaka wakalala bila kuagana.

Mtaniuliza, wewe mtu wa samaki unatafuta nini huko? Swali zuri. Natafuta kwa sababu nina watu wawili wanaoumizwa na jambo hili, na ubishi wa bwenini hauwasaidii hata kidogo.

Wa kwanza ni mshikaji wangu niliyesoma naye sekondari. Yuko mwaka wa pili, anasoma sanaa kwenye chuo kimoja Dar. Pembeni anapiga kazi: kadi za harusi, flaya za sherehe, picha za kutangazia nyimbo za wasanii wachanga. Hela inaingia. Sasa kanitumia ujumbe kwamba anataka kuacha chuo, kwa sababu kile anachouza hajafundishwa darasani na kile anachofundishwa darasani hakuna mteja anayekiulizia. Nyumbani kwao hawajui. Mama yake ndiye anayemlipia ada, na mama mwenyewe anauza vitumbua.

Wa pili ni kaka mmoja wa hapa Bagamoyo mjini. Toka amalize darasa la saba anaandika mabango ya saluni, bei za chipsi ukutani, majina ya mashua. Baadaye akajifunza kompyuta mwenyewe, na ninavyomwona mimi, kazi yake ni safi kuliko ya wengi wenye tai. Aliomba kazi ofisi moja (jina naliacha), akaenda na kazi zake ndani ya flashi. Flashi haikuchomekwa hata kwenye kompyuta. Aliulizwa cheti, akasema hana, akaambiwa asante kwa kuja.

Mnaona mambo? Mmoja anataka kuitupa karatasi, mwingine anaililia. Na wote wawili wana mkono mzuri.

Nautoa msimamo wangu mapema ili asiye na muda akaendelee na shughuli zake. Nadhani tunagombania kitu ambacho sicho. Kinachomtenganisha dizaina na mbabaishaji si cheti, na si kipaji peke yake. Ni kama amewahi kuwa na mtu wa kumwambia "rudia". Shule yenye mtu huyo ni shule kweli. Kitaa chenye mtu huyo nacho ni shule kweli. Asiyekuwa naye, hata akivaa joho, bado hajafundishwa.

Ubishi kama huu ukianza, haipiti dakika tano kabla mtu hajamtaja Tingatinga. Hoja inakuja hivi: mbona Tingatinga hakusoma sanaa na dunia nzima inamjua? Haya, tumwangalie vizuri. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 kule Tunduru, akaja Dar kutafuta maisha, akaanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960. Hakupita chuo cha sanaa, hiyo ni kweli. Alichora kwenye vipande vya mbao za dari, kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Hesabu mwenyewe: alichora kwa miaka minne hivi tu.

Sasa mtu aliyechora miaka minne, imekuwaje leo, zaidi ya miaka 50 baadaye, picha za tingatinga zipo Oysterbay, zipo Zanzibar, zipo ukutani kwa Wazungu? Imekuwa hivyo kwa sababu hakukaa peke yake. Aliwakalisha vijana pembeni yake, ndugu na jamaa: kina Ajaba Abdallah Mtalia, Omari Amonde, January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo na Simon Mpata. Walimtazama, wakaiga, wakasahihishwa, nao wakaja kuwafundisha wengine. Mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo wakaunda chama chao cha ushirika. Niambie basi, hicho si chuo? Hakina kengele wala mahafali, ila kina mwalimu, kina mwanafunzi, na kina "rudia". Kwa hiyo anayemtumia Tingatinga kusema kwamba mtu hahitaji kufundishwa, amechukua nusu ya habari na kuacha nusu yenye faida.

Upande wa wasomi nao wana mtu wao. Sam Ntiro alisoma sanaa Makerere kwa Margaret Trowell, kisha akaenda shule ya Slade huko London. Baada ya Uhuru akawa balozi wetu wa kwanza Uingereza, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Cheti cha London alikuwa nacho. Lakini ukitazama picha zake unaona nini? Unaona Uchaggani: watu wanalima, wanavuna, migomba, mlima. Picha yake moja ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ipo kwenye makumbusho ya MoMA kule New York. Shule haikumfuta kijiji chake. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba darasa linaua kipaji, nao wametuletea nusu ya habari.

Sasa nije kwenye mambo ninayoyajua mwenyewe, mambo ya baharini. Hapa Bagamoyo wapo manahodha ambao hawajawahi kukaa darasa lolote la uvuvi. Wanajua kusi na kaskazi, wanajua bamvua na maji mafu, wanajua mwamba ulipo kwa kulinganisha mnazi fulani na paa fulani la nchi kavu. Sisi chuoni tunakuja na ramani ya bahari, dira na GPS. Mgeni akiwaona wazee wale atasema wamejifundisha wenyewe. Si kweli bwana! Kaa nao kijiweni uwaulize. Kila mmoja atakutajia baba, mjomba au mzee fulani aliyemchukua akiwa mdogo, akampa kopo la kutolea maji chomboni, akampigia kelele miaka na miaka. Hakuna aliyejifundisha bahari peke yake akabaki hai kusimulia.

Na baharini kosa halifichiki. Funga fundo vibaya uone kama tanga litakusubiri. Soma upepo vibaya uone utalala wapi. Bahari yenyewe inasahihisha, na haichelewi.

Flaya haiko hivyo, na hapo ndipo penye hatari. Flaya mbovu inasambaa WhatsApp sawasawa na flaya nzuri. Mteja anakwambia imetoka bomba, anakulipa, unashika nyingine. Hakuna tanga lililopasuka, hakuna aliyezama. Miaka mitano inapita unarudia kosa lile lile, halafu unaliita uzoefu. Ndiyo maana nasema mtu wa grafiki anahitaji msahihishaji kuliko hata mvuvi. Kazi yenyewe haimwadhibu, basi lazima apatikane mtu wa kumuumbua kwa upendo.

Mfano hai. Kulikuwa na bonanza la mpira la mtaani huku kwetu, likatengenezewa bango la upana wa mita 3. Kijana aliyelitengeneza ni mkali, kwenye simu lilikuwa linawaka. Lilipotoka kwa mchapaji, nyuso za wachezaji zimekuwa vigae, kijani imefifia kama jani la juzi, na jina la mdhamini limekatwa ubavuni. Watu wakasema ni uchawi. Hakuna cha uchawi hapo, ni hesabu.

Picha za wachezaji zilitumwa kwa WhatsApp, ambayo huzikamua picha ili zipite haraka. Iliyotandazwa bango zima ilibaki na upana wa nukta 1,080 hivi. Zigawe hizo kwa sentimita 300 za bango: unapata nukta 3 na nusu hivi kwa kila sentimita. Gazeti la kung'aa linachapwa kwa nukta 300 kwa inchi, yaani karibu 118 kwa sentimita. Bango halihitaji nyingi kiasi hicho maana linatazamwa kwa mbali, ila 3 na nusu ni vichekesho. Kuhusu ile kijani, kioo cha simu kinatengeneza rangi kwa taa tatu, nyekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa inatumia wino wa aina nne: samawati, waridi iliyokolea, manjano na nyeusi. Zipo rangi ambazo taa inaziweza na wino hauziwezi, basi. Na jina la mdhamini lilikatwa kwa sababu liliwekwa ukingoni kabisa, bila kuachiwa nafasi ya kisu.

Angalieni hayo mambo matatu. Hayahusiani na kipaji, kijana anacho cha kumwaga. Na wala hayahitaji miaka mitatu ya ada. Yalihitaji mtu mmoja anayejua, akae naye nusu saa kabla ya kuchapa. Mtu huyo hakuwepo, na yeye hakujua kwamba anamhitaji.

Msije mkadhani nawapendelea wa darasani. Nimeona pia kazi ya mhitimu mmoja aliyemtengenezea mama mwenye duka bango jipya la barabarani. Zuri mno! Herufi nyembamba, nafasi nyeupe tele, kama jarida la Ulaya. Shida ni kwamba hakuna aliyelisoma. Basi likikimbia kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Kama bango linaanza kusomeka ukiwa mita 40, abiria ana sekunde 3 hivi, halafu limepita. Yule kaka anayeandika saluni hajawahi kupiga hesabu hiyo, ila anaijua mkononi. Amekaa barabarani miaka, ameona watu wanageuza shingo wapi na hawageuzi wapi. Ndiyo maana herufi zake ni nene na maneno yake machache. Mama wa watu akaomba arudishiwe bango lake la zamani. Mhitimu naye alikosa wa kumwambia "rudia", maana waliokuwa wakimsahihisha chuoni hawakuwahi kusimama naye pale kituoni.

Na mkitaka kuona shule ya grafiki isiyo na jengo, fungueni sanduku la mama zenu mtoe kanga. Ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati, ina jina. Kila kitu kina mahali pake. Jina lazima liwe fupi, likae chini kidogo ya katikati, lisomeke mama anapotembea, na liume pale linapotakiwa kuuma. Hakuna mwanamke wa pwani anayehitaji shahada kukwambia kanga hii imekaa vibaya. Kule Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lenye chapa ya "Mali ya Abdulla", lilianza mwaka 1887. Yaani watu wetu walikuwa wanachagua, wanakosoa na kukataa kazi za grafiki kabla babu zetu hawajazaliwa. Hiyo ni elimu iliyopimwa na wateja wakali kuliko mtahini yeyote. Mwalimu wa grafiki anayetaka kufundisha mpangilio aanze hapo, kisha ndiyo atupeleke Ujerumani.

Sasa narudi kwa mshikaji wangu anayetaka kuacha chuo, maana najua atasoma hapa. Ndugu yangu, umeniambia mbona Gado aliacha chuo. Ni kweli. Godfrey Mwampembwa, Gado wa vibonzo, aliingia Taasisi ya Ardhi mwaka 1991 kusoma usanifu majengo, na mwaka uliofuata akaondoka kwenda Nairobi kuchora kwenye gazeti la Nation. Lakini soma habari yote. Aliondoka akiwa na kazi ya kuendea, kwenye chumba cha habari chenye wahariri wanaorudisha kazi kila siku. Alihama kutoka "rudia" moja kwenda "rudia" nyingine. Na mwaka 2000, akiwa tayari na jina, akaenda kusomea uchoraji wa katuni za kutembea kwenye shule ya filamu ya Vancouver, Kanada. Mtu aliyeacha chuo akarudi darasani kwa hiari yake. Alijua anachokikosa.

Au yule Mmarekani David Carson, unayempenda kwa herufi zake za vurugu. Wanasema alijifunza mwenyewe, alikuwa mwalimu wa sosholojia na mcheza mawimbi baharini. Sawa. Ila mwaka 1980 alihudhuria kozi ya wiki 2 ya grafiki Chuo Kikuu cha Arizona, na mwaka 1983 akaenda Uswisi kwa kozi nyingine ya wiki 3. Jarida la Ray Gun lililomtoa lilikuja mwaka 1992. Zilikuwa wiki chache tu, lakini alizitafuta, na alikaa mbele ya mtu aliyemzidi.

Wewe ukiacha leo unaenda wapi? Unaenda gheto, kwa wateja wanaokwambia imetoka bomba. Huko hakuna wa kukurudishia kazi. Kama unanipa jina la mtu mmoja tu, fundi, mchapaji, mhariri, yeyote atakayekaa na kazi zako kila wiki akazichanachana, basi nitakuelewa hata kama mama hatanielewa mimi. Kama huna, maliza. Umebakiza mwaka mmoja na kitu. Na huko darasani usikae kama abiria. Wapelekee walimu hizo flaya unazouza mtaani, waambie wazikosoe. Hakuna mteja anayekiulizia kile unachofundishwa? Chukua kazi ya mteja uingie nayo darasani, uone nani atashindwa.

Kwa kaka yangu wa Bagamoyo nina maneno tofauti. Ofisi iliyokataa kufungua flashi ilikosea, full stop. Kazi ya dizaina ni moja ya kazi chache ambazo ushahidi unaletwa mezani. Huwezi kumwomba daktari akupasue kidogo umjaribu, lakini dizaina anaweza kukuonyesha alichofanya jana, na anaweza kufanya kingine mbele yako ndani ya saa moja. Anayedai cheti na kukataa kuangalia kazi anakwepa taabu ya kutazama. Na msomi asifurahie, maana mtu asiyejua kutazama kazi ndiye huyo huyo atakayekulipa wewe bei ya kutupa, kwa kuwa haoni tofauti ya kazi yako na ya kubahatisha.

Hata hivyo kaka, mlango upo. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya mfumo rasmi. Fundi anapimwa kwa kazi yake, penye pengo anaelekezwa, kisha anapewa cheti. Waashi, maseremala na makanika wameupitia. Nenda kaulize kuhusu fani yako, na ukiambiwa bado, basi sisi wenye midomo mirefu tulisemee jambo hilo. Cheti cha namna hiyo nakiheshimu, kwa sababu kinaanza na mkono wako, na swali la baba yako alikuwa na ada au hakuwa nayo halipo.

Kuna karatasi nyingine, na hii inawahusu wote wawili. Mwaka 2017 vyombo vya habari viliandika juu ya mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu kama Ngosha, aliyekuwa akiishi Buguruni katika hali ngumu. Mzee alisema yeye ndiye aliyechora nembo ya taifa, ile yenye mwanamume na mwanamke, ngao na mlima. Alifariki Muhimbili mwezi Mei mwaka huo huo. Na hapo hapo likatajwa jina jingine, la Jeremiah Wisdom Kabati, kwamba huyo ndiye mchoraji. Yaani nchi nzima inaibeba nembo hiyo kwenye hati za kusafiria, na kuhusu mkono ulioichora watu wanabishana juu ya marehemu.

Sasa linganisha na Carolyn Davidson. Mwaka 1971 alikuwa mwanafunzi wa grafiki Chuo Kikuu cha Portland State, Marekani, akachora ile alama ya Nike. Alilipwa dola 35. Bei ya kuchekesha, nakubali. Ila ilijulikana kwamba ni yeye, na kiasi gani, na mwaka gani. Mwaka 1983 kampuni ilipokuwa imenenepa ikamwita, ikampa pete na hisa zake. Asingejulikana angeitwaje?

Kwa hiyo karatasi inayotukosesha usingizi isiwe cheti tu. Iwe na ile ya makubaliano: nani kachora, kwa nani, bei gani, nani anamiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya sanaa, na haikuulizi ulisoma wapi. Msomi anayefanya kazi kwa maneno ya mdomo na mtu wa kitaa anayefanya kazi kwa maneno ya mdomo wataliwa na mteja yule yule, sufuria moja.

Nimalizie na jambo la kufanya, maana mbishi bila pendekezo ni redio tu. Bagamoyo tumejaliwa. TaSUBa wako pale pale mjini, wanafundisha sanaa toka chuo kilipoanzishwa mwaka 1981. Sisi wa Mbegani tuko njia hiyo hiyo, ukipita Kaole tu umefika. Mafundi wa mabango wako stendi, waandishi wa majina ya mashua wako ufukweni. Watu hawa hawakai meza moja. Napendekeza wakae. Jumamosi moja kwa mwezi, jioni, mwenye kazi aje na kazi, iwe imechapwa au iko kwenye simu. Aiweke mezani, anyamaze, wengine waseme. Mwanafunzi wa sanaa amwambie mtu wa mabango kuhusu wino na nukta. Mtu wa mabango amwambie mwanafunzi kuhusu basi na sekunde tatu. Mama mmoja wa kanga awepo, huyo ndiye awe jaji mkuu. Sheria iwe moja tu: hakuna kusema "imetoka bomba". Sema ni wapi irudiwe na kwa nini.

Nimeshaongea na watu watatu, wawili wa vyeti na mmoja wa kitaa, wamekubali. Chai ya kwanza nanunua mimi. Mashua za kusomea majina zipo pale pale mbele yetu, hatukosi darasa.

Naomba kuwasilisha. Mnaokuja njooni na kazi zenu, vyeti viacheni kabatini kwanza. Tuko pamoja wadau.